Tanzia ya Saa Kumi

Mlinzi alimtolea kiti cha plastiki akakiweka nje ya geti, chini ya bango jipya, na hapo ndipo ofisi ya Mama Tanzia ilipohamia tangu Jumatatu. Kwenye bango palikuwa na picha ya msichana ameshika simu, meno yote nje. Juu ya kichwa chake paliandikwa kwa herufi nene: TANGAZA TANZIA POPOTE ULIPO.

"Huyu naye anachekea msiba wa nani?" Mama Tanzia aliuliza siku ile ya kwanza, na mlinzi alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Leo ilikuwa Jumatano na mzaha ulikuwa umeshaisha.

Kazi yake sasa ilikuwa kuwaonyesha watu namba iliyoandikwa kwenye bango. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa amekaa ndani, nyuma ya dirisha dogo lenye nondo, akipokea matangazo ya vifo ya redio ile na kuyasoma mwenyewe hewani. Mji mzima ulimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Sokoni mwuza vitunguu, kila akimwona, alikuwa akijificha nyuma ya magunia. "Mama Tanzia, nisalimie kwa jina la utani tu! Majina yangu matatu yaache hukohuko redioni!" Naye alikuwa akicheka, akachagua vitunguu vyake, akaenda zake.

Fomu ya matangazo aliitunga yeye. Ilikuwa karatasi moja tu. Mstari wa kwanza uliandikwa Jina Kamili, na hilo lilikuwa jina la aliyeleta habari, kwa sababu Mama Tanzia alitaka kumjua aliyesimama mbele yake akilia kabla ya kumjua aliyelala mochari. Marehemu alifuata chini yake, kisha ndugu wa kuarifiwa, kisha siku ya mazishi. Fomu ikishajazwa, alipiga simu mbili: moja nyumbani kwa wafiwa, moja hospitalini. Simu mbili, hata kama mtu analia na kugaragara sakafuni. Bila hizo, hakusoma. Wako waliomwita katili. Lakini kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumzika aliye hai.

Mwezi uliopita meneja alimwita studio. Kijana mpole, mwenye kumwita "Mama" kila baada ya maneno matatu. "Mama, tunataka kuihifadhi sauti yako. Isipotee, Mama. Ni hazina." Kwa siku nne alifungiwa mle na kijana mwenye kompyuta, akasoma orodha ndefu kama njia ya mbali: majina ya wanaume, majina ya wanawake, vijiji, hospitali, siku za wiki, shangazi, mjomba, wajukuu, vilembwe. Akapewa karatasi, akasaini. Jioni ile alifika nyumbani akamwambia dada yake, "Wamesema mimi ni hazina," na akaona haya kwa jinsi alivyofurahi.

Jumatatu alipofika kazini alikuta dirisha limezibwa kwa ubao. Ndani ya redio ya mlinzi, mtu alikuwa akisoma tanzia za saa moja. Mtu huyo alikuwa yeye.

Hiyo ndiyo asubuhi aliyopewa kiti.

*

Mshonaji alifika saa tatu, viatu vikiwa na vumbi la kutembea, futi ya kupimia bado imening'inia shingoni kana kwamba ametoka katikati ya gauni la mtu. Mama Tanzia alimkumbuka. Miaka mitano nyuma alikuja kumtangaza kaka yake.

"Mama Tanzia, leo ni mama," alisema.

"Mama yako mzazi?"

"Amefia mikononi mwangu. Nilimleta huku kwa matibabu tukijua wiki mbili tutarudi." Alifuta uso kwa ncha ya futi. "Baba yuko kijijini, na kule simu ni mpaka upande mlimani. Jirani nimempigia tangu alfajiri, hapatikani. Baba ana redio tu, na betri anazibania, anafungua saa kumi kwa ajili yako. Nataka asikie leo, kaburi lichimbwe, kesho alfajiri nasafiri na mwili."

Mkono wa Mama Tanzia ulikwenda wenyewe kutafuta kalamu. Haikuwepo. Hata meza haikuwepo. Ndani ya mkoba wake alikuwa na fomu za zamani kama ishirini hivi, na alijua hazifai tena hata kufungia karanga.

"Siku hizi ni kwa simu, mwanangu," alisema, akiufunga mkoba. "Unatuma ujumbe kwenye namba hiyo, linakuja dirisha la kujaza."

"Mimi hayo mambo siyawezi."

"Si magumu. Wewe jaza tu kama ile fomu yetu ya siku zote."

Mshonaji akakaa ukingoni mwa mtaro, akaanza kubonyeza polepole kwa kidole kimoja. Mama Tanzia alitaka kuinama amwangalizie, lakini geti likafunguka, gari la meneja likawa linatoka, na meneja akashusha kioo. "Mama, usiwajazie! Wazoee wenyewe. Ndiyo maana ya huduma." Kioo kikapanda.

"Jina kamili," mshonaji alisoma kwa sauti. Akaandika lake. "Mbona sioni pa marehemu? Hapa wanasema Ndugu."

"Endelea, nadhani litakuja mbele."

Mshonaji akaandika hapo kwenye Ndugu: mama yangu mzazi, na jina la mama, kisha baba yangu, na jina la baba. Akajaza kijiji. Akajaza siku ya mazishi. Simu ikamwomba picha ya mwenye jina kamili lililoandikwa juu. Akaweka yake, aliyopigwa siku ya kufungua kibanda chake cha ushonaji. Pesa ikakatwa. Simu ikalia kengele ndogo ya furaha.

"Imesema nini?"

"Imesema, Hongera! Tangazo lako limepokelewa."

Walitazamana. Kisha mshonaji akaondoka kwenda kutafuta jeneza.

*

Saa saba mchana Mama Tanzia alikuwa kibandani ng'ambo ya barabara, kikombe cha chai mkononi. Mwenye kibanda alikuwa na kawaida ya kuongeza sauti ya redio tanzia zikianza, na wateja wakapunguza kutafuna.

Kuisikia sauti ile bado kulimsisimua mwili. Ilikuwa yake, hapakuwa na ubishi, mpaka ile namna yake ya kuvuta neno "marehemu". Lakini ilikwenda sawasawa bila kuchoka, kifo cha kwanza hadi cha tisa, kama mtu anayehesabu matofali.

Kifo cha kumi kilikuwa cha mshonaji.

Majina yake matatu yalisomwa yote. Redio ikasikitika. Kisha ikasema, "Habari zimfikie mama yake mzazi," na ikamtaja kwa jina yule bibi aliyelala mochari. "Zimfikie pia baba yake," na ikamtaja mzee, na kijiji, na ikasema mazishi ni kesho.

Chai ilimwagika mapajani mwake, na hakusikia moto wake.

"Mama Tanzia, vipi?" aliuliza mwenye kibanda. "Hata wewe unashtushwa na vifo?"

Alikuwa anaiona fomu yake, karatasi moja, mstari wa kwanza. Jaza tu kama ile ya siku zote. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema. Dirisha la kwenye simu lilikuwa limeuliza jina kamili la marehemu bila kusema ni la marehemu, na yeye ndiye aliyeufundisha mji mzima, kwa miaka ishirini na mbili, kuanza kwa kuandika jina la aliye hai.

Alivuka barabara bila kuangalia magari.

*

Chumba cha mitambo kilikuwa cha fundi mmoja mwenye mvi ambaye wote walimwita Waya. Alimkuta ameegemea mlango, uso umemshuka. Naye alikuwa amesikia.

"Itoe, Waya. Itoe kabla haijarudiwa saa kumi."

"Niitoe wapi, dada? Mimi hapa nina funguo ya mlango na feni. Mfumo hauko humu. Uko kwa wenye kampuni, nao sijui hata mji wao."

"Wapigie basi."

"Hawana namba ya kupiga. Unawaandikia." Alimwonyesha simu yake. Alikuwa ameshaandika mara tatu. Majibu matatu yalikuwa yamerudi, yote sawa, nukta kwa nukta: Tumepokea ombi lako. Maombi ya marekebisho hushughulikiwa ndani ya saa ishirini na nne. Maombi yatumwe na ndugu wa karibu wa marehemu.

Kelele zikatokea getini, wakatoka. Mshonaji alikuwa amerudi, na mlinzi alikuwa amesimama kando, mgongo ukutani, mkono umeshika filimbi kama mtu aliyeona kisichosemeka.

"Mimi ni maiti gani natembea?" mshonaji alikuwa akipiga kelele. "Mteja wangu ameniona dukani kwa majeneza akatupa mkoba akakimbia! Simu haipumziki, watu wanalia, nikisema ni mimi wanakata!" Aliinua simu. Kwenye ukurasa wa redio kulikuwa na picha yake ile ya siku ya kufungua kibanda, imewekewa mshumaa pembeni, na chini yake watu mia nne na ushee wameandika pole. Mmoja aliandika alikuwa anamdai gauni.

"Nimeandika hapo chini kwamba niko hai," alisema. "Wakanifungia. Wanasema natumia jina la marehemu."

Mama Tanzia alimshika mikono. Yote miwili ilikuwa baridi. "Kosa ni langu, mwanangu. Mimi ndiye niliyekwambia ujaze vile."

"Sitaki kujua kosa la nani." Sauti ilishuka ghafla. "Saa kumi baba anafungua redio. Ana miaka themanini na mbili. Atachimba kaburi langu, naye atadhani mama yuko hai. Unanielewa? Atakuwa anamsubiri mama."

Saa ya mkononi ya mlinzi ilionyesha saa nane na dakika ishirini.

*

Meneja alirudi saa tisa na robo. Aliwasikiliza akiwa amesimama koridoni, akitazama simu, akisema "pole sana, Mama" na "pole sana, dada" kwa zamu.

"Tutasahihisha," alisema. "Kesho asubuhi tunaweka maelezo mtandaoni."

"Baba yangu hana mtandao."

"Atafikishiwa na wenye nao."

"Meneja," Mama Tanzia alisema, na kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kubishana, maneno yalimtoka moja moja. "Nipe kipaza sauti dakika moja, saa kumi kamili. Niseme tumekosea, aliyefariki ni mama, binti yuko hai. Dakika moja tu."

"Mama, usinipandishie presha. Hii ni siku ya tatu ya huduma. Wadhamini wanasikiliza. Tukisimama hewani kusema tumetangaza kifo cha mtu aliye hai, nani atalipia tangazo tena?"

"Lakini ndivyo tulivyofanya."

"Siyo sisi. Ni aliyejaza." Akamgeukia mshonaji, kwa upole uleule. "Dada, samahani, lakini masharti yapo. Ombi linatumwa na ndugu wa marehemu. Wewe kwenye mfumo ndiye marehemu."

"Kwa hiyo maiti haruhusiwi kukataa?"

Meneja aliangalia chini. Kwa nukta moja alionekana kijana sana. Kisha simu yake ikaita, akaipokea, akaingia ofisini na kufunga mlango.

Walibaki kwenye korido. Mama Tanzia alikuwa mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa. Alipokatwa mshahara alisema asante kwa barua. Alipohamishiwa getini alikifuta kile kiti kwa leso akakaa. Sasa alitazama ile futi shingoni mwa mshonaji, akatazama saa, akaenda kugonga chumba cha mitambo.

"Waya. Tanzia ya mama yako nani aliisoma?"

"Wewe."

"Nilipiga simu ngapi?"

"Mbili." Akashusha pumzi. "Dada, unataka kunifukuzisha kazi."

"Ndiyo."

Alikuna mvi zake. "Sikiliza basi. Naweza kuchomoa laini yao nikachomeka kipaza sauti cha zamani. Lakini mfumo ukikatwa unajitafuta wenyewe kwa njia nyingine. Dakika mbili, tatu, unarudi. Na ukirudi unaendelea pale ulipoachia, hausahau. Siwezi kuuzuia."

"Hizo dakika mbili zinanitosha."

*

Studio ilikuwa na harufu ya vumbi. Kiti chake kilikuwa kimeshushwa mpaka chini kwa mtu mwingine. Alikaa hivyohivyo, kidevu karibu na meza. Mshonaji alisimama nyuma ya kioo. Waya aliinua kidole, kengele ya saa kumi ikalia, akachomoa.

Taa nyekundu ikawaka.

"Ndugu wasikilizaji," alisema, na akashangaa kusikia sauti yake inavyotikisika. Hakuwahi kuzungumza hewani bila karatasi. "Ndugu wasikilizaji, huyu ni mimi mwenyewe. Mchana tumetangaza kifo kwa makosa." Akataja majina matatu ya mshonaji. "Huyu yuko hai. Nimemshika mikono. Aliyefariki ni mama yake mzazi." Akamtaja bibi, akamtaja mzee, kijiji, nyumba ya mwisho kabla ya daraja. "Mzee, nakuomba radhi. Binti yako yuko hai, anakuja kesho na mwili wa mkeo. Jirani yeyote anayenisikia, panda mlimani unipigie." Akataja namba yake ya simu, akairudia, na kwenye kuirudia akakosea tarakimu, akaanza tena.

Mlango ulikuwa ukipigwa. Waya alikuwa ameuegemea kwa mgongo.

Taa nyekundu ikazimika yenyewe. Kwenye spika ya ukutani kukawa kimya kifupi, halafu sauti yake ikaanza upya, laini, haina haraka, haina kikohozi. Kifo cha kwanza. Cha pili. Mama Tanzia alikaa akijisikiliza, mikono mapajani. Kifo cha kumi kilipofika, mshonaji aliweka viganja vyote viwili kwenye kioo.

Ilimtangaza kikamilifu. Ikasema habari zimfikie mama yake.

Meneja alipoingia hakupiga kelele. "Kesho msije," alisema. "Wote wawili."

"Basi niondolee sauti yangu humo," Mama Tanzia alisema.

"Ulisaini, Mama."

*

Walikaa ukingoni mwa mtaro nje ya geti, simu ikiwa katikati yao juu ya leso. Waya alikuwa amekwenda kutafuta gari la kukodi. Magari ya kule huondoka alfajiri tu, na wenye teksi walipoisikia njia walitikisa kichwa. Mlinzi alikuwa amekirudisha kiti ndani.

Simu iliita saa kumi na moja kasorobo. Mama Tanzia akaiwasha spika. Upepo mwingi, mtu anahema.

"Huyo ni Mama Tanzia wa redio?"

"Ndiye. Ndiye mimi."

"Mimi ni jirani wa mzee. Nimepanda huku juu kukuuliza." Alihema. "Umesema binti yuko hai. Halafu hapohapo umesema amekufa. Tushike lipi?"

"La kwanza, baba. La kwanza ndilo langu. La pili ni mashine."

"Mashine yenye sauti yako?"

"Ndiyo."

Upepo ukavuma kwenye simu. "Hata mimi nilishika la kwanza. Lakini mzee amesikiliza yote mawili. Anasema wa kwanza alikuwa anatetemeka, mpaka namba yake mwenyewe ameikosea, kama mtu anayetunga uongo. Anasema miaka yote anakusikiliza, hujawahi kutetemeka. Ameamini la pili."

Mama Tanzia akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Yuko wapi?" mshonaji alimnyang'anya simu. "Baba mdogo, ni mimi! Baba yuko wapi?"

"Nani?"

"Mimi! Mimi hapa, niko hai!"

Kisha yule mtu akasema polepole, kwa sauti ya kumhurumia asiyemjua, "Dada, nisamehe. Leo nimesikia sauti moja ikisema mambo mawili. Siwezi kumrudia mzee na sauti ya tatu."

"Baba mdogo, niulize chochote! Niulize!"

"Yuko nyuma ya nyumba na jembe. Vijana wamejaribu kumpokonya, hataki. Anasema mwanawe atamchimbia mwenyewe." Alikohoa. "Kama kweli mko huko mjini, nendeni hospitali mumtafute mama yake. Mwambieni awahi kuja. Mzee ameweka kiti cha pili pale kaburini, anasema hawezi kumlilia mtoto peke yake."

Simu ikakatika. Mshonaji akapiga tena. Mteja hakupatikana. Akapiga tena.